Chumvi Katika Oili ya Njiku

Mashine yetu iliitwa Shahidi, na aliyeipa jina hilo hakuwa mtu wa utani. Asubuhi ile ilimeza tone la oili kutoka pikipiki ya Njiku, ikalichoma kwa mwanga, ikaanza kunitapikia namba kwenye kioo. Mimi, Eliwaza Mghenyi, msomaji wa oili wa kituo cha Singida, nilikuwa na chapati mkononi. Niliiweka chini kabla sijafika mwisho.

Chuma kilikuwa juu, sikushtuka. Mtu aliyezoea magari angeshtuka, lakini pikipiki ni nyumba ya chumba kimoja: injini, klachi na giaboksi wote wanakunywa oili ile ile, na meno ya gia yakisagika, chuma chake kinaishia humo humo. Alumini kidogo, ya pistoni. Silika nyingi, yaani vumbi, yaani chujio la hewa limechoka, na ni nani Singida ana chujio jipya? Mnato ulikuwa umeshuka kwa sababu petroli ilikuwa inapenya. Ilikuwa oili ya mtu anayefanya kazi. Kisha ukaja mstari wa sodiamu, na pale ambapo nilizoea kuona sita au saba, palikuwa na sitini na moja.

Kwenye lori, sodiamu ni dalili ya maji ya rejeta yanayovuja. Pikipiki ya Njiku haina rejeta, inapozwa na upepo. Kwa hiyo chumvi ile ilivutwa kutoka nje pamoja na hewa, na Shahidi haikuniacha nibahatishe. Ililinganisha chembe zile na maktaba yake ya vumbi, ambamo kila barabara ya mkoa ina udongo wake, ikapima zimepikwa kiasi gani ndani ya injini, ikaandika: Njia ya Chumvi, kando ya ziwa Kindai, mwezi wa Agosti.

Kila mtu mjini alijua maana yake. Agosti, mchota chumvi mmoja aitwaye Salome aligongwa kwenye njia ile, njia ya waenda kwa miguu ambayo pikipiki zilikatazwa. Aliachwa pale na kiroba chake, akafa kabla ya jua kupanda. Ilionekana alama ya tairi moja tu. Udongo wa njia ile ulikuwa haujaingizwa maktabani, kwa hiyo Shahidi iliihesabu chumvi yake kama vumbi tu, ikakaa kimya miezi yote hiyo. Wiki iliyotangulia ndipo ulipoingizwa.

Bwana Semkiwa, mkuu wa kituo, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa mtu wa upole wa kuudhi, anayesema "pole" hata kwa kiti alichokigonga.

"Tumempata, dada," alisema. "Weka kidole usaini, niwaite Mamlaka."

"Bado nasoma, mzee."

"Unasoma nini tena? Namba si hiyo?"

Nilikuwa nasoma mstari wa shaba, na chini yake wa bati. Vyote viwili vilikuwa juu, na vilipanda kwa uwiano ninaoufahamu kama ninavyofahamu kikohozi cha mtu wa nyumbani. Shaba na bati kwa uwiano ule ni bushi, pete ya ndani ya injini, iliyochongwa na fundi kutoka pampu kuukuu ya kisima cha misheni. Bushi hiyo ilikuwa moja tu Singida nzima. Alikuwa nayo kaka yangu Hango, kwenye injini yake, na nilikuwa namtania kila mwezi kwamba anaendesha kisima. Njiku hakuwahi kuwa nayo.

Hango tulimzika Oktoba.

*

Inabidi nieleze jambo ambalo Mamlaka ya Nyendo walikuwa hawalijui, nasi tuliolijua tulilinyamazia.

Miaka hii petroli ni ya kibali. Mijini wanaendesha umeme, lakini umeme haufiki kwenye njia zetu, hivyo tumeachiwa pikipiki zetu kwa sharti moja: kila injini itoe tone lake kila mwezi, lisomwe. Oili yenyewe ni hii ya maabara inayokaa mwaka mzima. Zamani watu walimwaga oili kila mwezi na kusahau. Sasa injini inabeba mwaka wa mtu: njia alizopita, mizigo aliyozidisha, siku alizoendesha kwa hasira. Ndiyo maana kituo hakitunzi chupa za zamani wala namba za zamani. Kila usomaji unafuta uliotangulia, na sampuli za marehemu zinatupwa, kwa kuwa aliyetunga sheria aliona wafu hawaendeshi.

Watu wa kijiwe cha Hango waliona tofauti. Dereva mwenzao akifa, baada ya kuzika wanasimamisha pikipiki yake uani, rafiki yake wa karibu anaiwasha mara ya mwisho ili oili ipate moto na kutiririka, kisha wanafungua nati ya chini. Kila mmoja anakinga kwa kifuniko cha chupa ya chai, anakwenda kukimimina kwenye injini yake. Wanaita kumgawa. Marehemu aliyegawanywa hivyo anaendelea kufanya kazi. Utamsikia dereva akipanda mlima anamwambia marehemu, "Sukuma, ndugu yangu."

Tulimgawa Hango mbele ya mama. Mimi nilikinga changu nikakitia kwenye skuta yangu ninayoendea kazini. Njiku, aliyekuwa rafiki yake tangu wakiwa watoto, alisubiri mpaka mwisho, akachukua yale mazito ya chini. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, kuchukua mashapo.

Basi siku ile ya chumvi nilichukua chupa za kijiwe kizima, za kwanza tangu mazishi, nikazipitisha kwenye Shahidi, moja moja, mlango umefungwa. Kila oili ilikuwa na chumvi kidogo, shaba kidogo, bati kidogo. Zote zilikuwa chini ya kiwango cha kupigiwa kengele isipokuwa ya Njiku, kwa sababu yeye alimpenda kuliko wengine.

*

Semkiwa hakungoja kidole changu. Nilimkuta Njiku wamemweka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya Mamlaka, penye benchi na feni isiyozunguka. Alinipokea akicheka, kama niliyemtembelea kwake.

"Karibu dada. Chai hakuna, wenye nyumba bahili."

"Njiku, usinifanyie utani. Ile chumvi si yako."

"Mashine imesema ni yangu."

"Imekuja na bushi ya kisima."

Akaacha kucheka. Alitazama mlango, akasogea kwenye benchi kunipisha nikae, na sikukaa.

"Ulijua," nikasema.

"Alinieleza mwenyewe, alipokuwa anaumwa." Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo wa mwenzake kwa uangalifu. "Alikuwa anawahi abiria wa basi, akakata njia. Yule mama alitokea na kiroba kichwani. Hango alisimama, dada. Alisimama, akazima injini, akamwona anapumua. Halafu akasikia watu wanakuja upande wa ziwa. Akawasha."

Nilimkumbuka kaka yangu kitandani, akizigeuzia mgongo dawa zake. Daktari alisema homa ya mapafu, nasi tukasema ni ukaidi. Nilimgombeza kwa ajili ya vidonge vile. Nilimwita mtoto mdogo.

"Kwa nini ukachukua mashapo yake, na ulikuwa unajua?"

"Nani mwingine angechukua?"

"Watakufuta kwenye daftari la madereva, Njiku. Injini itasagwa, wewe utafungwa, na ukitoka hutashika usukani wa kitu chochote mpaka ufe."

"Najua kusoma sheria." Akanitazama sasa, macho makavu. "Dada Eliwaza, sikiliza. Mama yako kila asubuhi anatoka getini kusikiliza pikipiki zinapita. Anazijua. Anasema, huyu amembeba Hango, na huyu, na huyu. Ukienda kusema, utamfanyia nini yule mama? Na kijiwe je? Kuchanganya oili ni kuharibu ushahidi. Watamtoa Hango kwenye kila injini. Weka kidole chako uende nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi sina mama," akasema, kama vile jambo hilo linafunga hesabu.

Nilitoka pale nimemchukia. Mtu akijitolea hivyo, anakuachia wewe ubaya wote uubebe.

*

Kumbukumbu ya msomaji si ushahidi. Ningesema bushi ya kisima mpaka nikauke mate, wangeniuliza, iko wapi namba? Namba ilikuwa sehemu moja tu. Injini ya Hango ilikuwa kavu, lakini injini za namna ile zina kikombe cha chujio upande wa klachi, kinachozunguka na kutupa uchafu ukutani. Oili ukiimwaga, tope la kikombe hubaki.

Pikipiki ilikuwa uani kwa mama, imefunikwa kanga. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniona nimeshika spana, akaacha ungo magotini.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kufungua upande wa klachi, mama."

"Kwa nini? Imeharibika? Haiendi popote."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo tayari, nimeuandaa njia nzima, kuhusu kutu. Lakini mama alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shuleni na ripoti, na nikamwambia yote, nimesimama, spana mkononi: Salome, njia, Njiku, chumvi. Nilisema haraka kama mtu anayebandua plasta.

Hakulia. Alirudisha punje moja ya mchele iliyodondoka.

"Hango ameshakufa," alisema. "Amri yao haimfikii. Wanataka nini kwake?"

"Hawamtaki yeye. Wanamtaka Njiku."

"Njiku amekubali."

Nikatambua kwamba alikuwa anajua. Njiku, aliposikia udongo wa njia ile umeingizwa, alikuwa ameshakuja kumuaga kabla hawajamchukua, na wawili hawa walikuwa wameyamaliza, bila mimi, kwa chai na viazi.

"Mama, Njiku hakumgonga mtu."

"Mtoto wangu naye alikuwa hana nia." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Unamfungua ndugu yako kama kuku, Eliwaza? Mbele yangu?"

"Ingia ndani, mama."

"Sitaingia. Fungua nikiwa nakuona."

Nilifungua. Nati zilikuwa ngumu, gaskiti ikachanika, na mikono yangu, iliyofanya kazi hii kwa miaka, ikawa ya mtu anayejifunza. Kikombe kilikuwa na tope jeusi kwenye kuta, zito, likimetameta shaba. Nililikwangua nikalitia kwenye chupa. Mama alikaa pale pale mpaka nikarudishia nati ya mwisho. Kisha akachukua kanga, akaifunika pikipiki upya, akaikunja vizuri pembeni ambapo mimi ningeiacha ovyo. Tangu siku ile hakunisemesha.

*

Kwenye Baraza la Nyendo niliweka chupa mbili mezani, ya oili ya Njiku na ya tope la Hango, pamoja na namba zake, na kueleza. Nilieleza chumvi, nikaeleza bushi, nikaeleza kumgawa. Bwana Semkiwa aliinamisha kichwa kama aliyepewa taarifa ya msiba, na nadhani kwake ulikuwa msiba kweli, kwa sababu kituo chake kilikuwa kimeweka tangazo ukutani lisemalo kwamba oili haina la kuficha. Madereva wa kijiwe walikuwa wamejaa nyuma. Nilisikia mmoja akisema, "Huyu si dada yake?" na mwingine akimjibu, "Alikuwa."

Mume wa Salome aliitwa Gunda, mtu mfupi aliyevaa koti kubwa. Walimuuliza kama ana la kusema.

"Nilikuwa nataka kumjua," alisema. "Si mtu yeyote tu. Yeye." Akanigeukia. "Alisimama? Baada ya kumgonga, alisimama?"

Njiku alikuwa ananitazama kutoka benchi lake. Sheria haikuniuliza hilo, Shahidi haikujua hilo.

"Alisimama," nikasema. "Akamwona anapumua. Akaondoka."

Gunda aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama aliyepimiwa kitu na kukuta uzito ni ule ule aliodhani. Alinishukuru. Ni yeye peke yake aliyenishukuru.

Njiku aliachiwa mchana ule. Pikipiki ya Hango iliamriwa isagwe, na jina lake likasomwa kwenye kipaza sauti cha stendi. Na amri ya tatu, ile niliyokuwa naiogopa: kila injini iliyokuwa na oili ya kugawiwa isafishwe kabla ya sampuli inayofuata. Itakayokutwa nayo, mwenyewe atafutwa kwenye daftari.

Mimi ni mtumishi. Niliimwaga ya skuta yangu jioni ile ile, nyuma ya kituo, kwenye pipa la oili chafu.

*

Madereva hawakumwaga kwenye pipa. Walikuja nyumbani kwa mama, asubuhi, mmoja mmoja, kila mtu na dumu lake. Wengine walikuwa na hasira na Hango kwa alichofanya, wengine na mimi kwa nilichosema, na wengine walikuwa wanaogopa tu na kuona haya kwa kuogopa kwao. Walisimama mlangoni, wakavua kofia ngumu.

"Mama, tumemrudisha," alisema wa kwanza.

Mama alipokea dumu kwa mikono miwili. Akasema ahsante. Alipokea la pili na la tatu na yote yaliyofuata, akayapanga kando ya ukuta pale ilipokuwa pikipiki, akimuuliza kila mmoja hali ya watoto wake. Mpaka mchana ukuta ulikuwa umejaa, na barabarani pikipiki zilipita na mama hakutoka tena getini, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Njiku hakuja na dumu.

Alikuja tu, kama kawaida yake, jioni, kumjulia hali. Alipita mbele yangu bila salamu. Niliisikia pikipiki yake kabla haijafika na baada ya kuondoka, na nilijiambia kwamba sikusikia lolote, kwamba sauti ni sauti, kwamba huwezi kuijua oili kwa masikio. Mama alisimama getini mpaka ikaisha kusikika.

Mwisho wa mwezi chupa zikaja. Ya Njiku niliiweka ya mwisho, kama mtoto anayeacha mboga chungu pembeni ya sahani. Shahidi ikameza tone. Chuma juu, kama siku zote. Silika juu. Sodiamu hamsini na nane. Shaba, bati, kwa uwiano ule ule. Hakuwa amemwaga hata kifuniko. Alikuwa ameongezea kidogo juu, basi, kama unavyomwongezea mgonjwa uji.

Nilikuwa nimempigania mtu huyu. Nilimkwangua ndugu yangu kwenye kikombe, nikamvua nguo mbele ya mji mzima, ili Njiku awe huru, na Njiku alichukua uhuru wake akaniletea kwenye chupa. Alijua nani atasoma. Nadhani hakufanya kwa kunikomoa. Ningefurahi kama ingekuwa kunikomoa.

Nikiandika namba nyingine, Shahidi itanikataa, kwa kuwa inasoma pia joto la kidole kinachosita na kinachodanganya. Nikikataa kusaini, Semkiwa atasaini kwa niaba yangu, akiwa ameshasema pole. Nilikwenda nyumbani kula, nikakuta mama amepakua sahani mbili. Tangu siku ya spana nilikuwa najipakulia mwenyewe.

Tulikula. Aliponawa, akasema, akiwa ananipa kisogo:

"Leo ndiyo siku ya chupa."

"Ndiyo, mama."

"Ya Njiku umeshaisoma?"

"Nimeisoma."

Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Hango bado yumo?"

Sikuwa na nguvu ya kumdanganya siku ile ya kwanza, na sikuwa nayo sasa.

"Yumo, mama."

Uso wake ukafunguka. Kwa kitambo kidogo niliona furaha tupu, ile ya mama anayeambiwa mwanawe amefika salama. Kisha akakumbuka anazungumza na nani.

"Basi rudi kazini ukamtoe," akasema. "Umeshazoea."

Nilirudi. Kioo kilikuwa kinanisubiri, namba zimejipanga, na chini yake kile kiduara cha kidole. Nilibonyeza. Shahidi ilinishukuru kwa sauti yake ya kike, kama ilivyotengenezwa, ikaomba chupa inayofuata.